Kamati ya Kuongeza RAM

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba Idara ya Wastaafu imeingia katika zama za kasi: kompyuta yake kuukuu itaongezewa RAM, vile vijiti vya kumbukumbu vinavyoipa mashine kasi. Ikaundwa kamati ya watu tisa, mwenyekiti Mkurugenzi mwenyewe.

Karani alishusha pumzi. Miaka miwili sasa kompyuta ile ikianza kuandaa orodha ya watumishi wa kustaafu, inaganda kabla haijatoa hata jina moja, na lawama zote zinamwangukia yeye. Safari hii Mkurugenzi alimpasulia jipu: "Ijumaa orodha isipotoka, Bi Karani, utahamia stoo ya mafaili."

Kamati ilikaa vikao sita, ikachagua RAM mpya kabisa na kubwa kabisa, kwa kuwa idara kubwa haitumii vitu vidogo. Kuifungua kompyuta kutazama ndani hakukuwa kwenye ajenda. Fundi akaja, akajaribu, akatikisa kichwa.

"Mkuu, kijiti hiki ni cha kizazi cha nne. Mashine ni ya kizazi cha pili. Pengo la kijiti halilingani na tundu la mashine."

"Umekikandamiza kwa niaba ya nani?"

"Yangu tu, mkuu."

"Ndiyo maana! Kandamiza kwa niaba ya Idara."

Fundi akakandamiza kwa niaba ya Idara. Wapi! Kamati ikaazimia kwamba kompyuta imeonyesha utovu wa nidhamu.

Alhamisi Karani roho ilikuwa juu juu. Kifua chake na vumbi havipatani. Akaenda stoo aone tu atakapokaa, akakuta mlango umezuiwa na kompyuta mbovu, pacha wa ile yake. "Weee!" Akamwita fundi mbio. Wakachomoa vijiti viwili, wakasoma maandishi: aina ileile, kasi ileile. Fundi akagusa chuma kwanza kuondoa umeme wa mwilini, akavielekeza kwenye matundu ya kompyuta ya Karani, akabonyeza. Ta! Ta! Vikakaa utadhani vilizaliwa humo.

Ijumaa Mkurugenzi aliwaita wote washuhudie matunda ya kamati yake. Karani akabonyeza. Dakika tatu tu, printa ikatema orodha nzima, kuanzia aliyepitiliza zaidi umri wa kustaafu. Mkurugenzi akasafisha koo ili asome kwa sauti.

Jina la kwanza lilikuwa lake. Alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita.

Akamwinamia Karani, akanong'ona: "Dada yangu, hivyo vijiti havichomoleki?"

"Vinachomoleka, mzee wangu," Karani alijibu kwa upole wote. "Ila mpaka kamati ikae. Na kamati haina mwenyekiti."