Ukuta wa Tuda

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya mkoa imefika juu ya nyumbu wa mizigo. Miongozo mipya ya tiba iko mtandaoni, tuisome huko. Mtandaoni! Hapa simu haishiki mpaka upande mlima saa nzima. Kitabu chetu kina miaka kumi na tano na panya amekula sura ya watoto. Wapumbavu. Alhamisi anakuja mkaguzi. Nitamdai mnara wa simu. Lakini kwanza zahanati ing'ae.

Jumanne, 5 Machi
Tuda, mkunga wangu, ana miezi minne hapa na nimeshamchoka. Kila wiki hupanda kileleni, humpigia mwalimu wake Marrakech, kisha huandika dozi kwa mkaa kwenye ukuta wa chumba cha kuzalishia. Wanawake wanasema daktari ni Tuda. Na mimi muuguzi mkuu ni nani, mchunga mbuzi? Nimepaka chokaa ukuta wote. Mgongo hoi. Tuda akaona, akaendelea kukunja shuka. Nilitaka agombe.

Jumatano, 6 Machi
Theluji imefunga njia ya kushuka bondeni. Adhuhuri Moha, mwenye kinu cha kusagia unga, alimleta mkewe Rqia juu ya nyumbu. Mimba ya miezi minane, mwili unakakamaa, povu mdomoni. Kifafa cha mimba. Dawa ipo kabatini. Kiasi gani? Nikageukia ukuta. Mweupe. Kitabuni kuna dawa ya zamani tu, ambayo hatunayo. Nikaulaani mkoa, nikamlaani panya. Tuda akanisukuma kwa bega.
"Kaka Bassou, mshikilie asianguke. Niliyoyaandika ninayo kichwani."
Akavuta dawa kwa sindano, akamchoma. Baada ya muda Rqia akatulia. Jioni akajifungua mtoto wa kike, mdogo mno, lakini analia. Moha akambusu Tuda kichwani. Mimi akaniuliza kama kuna chai.

Alhamisi, 7 Machi
Mkaguzi hakuja. Theluji. Nilimwomba Tuda radhi, kwa shida sana. Akasema, "Samahani haisomeki, kaka. Nirudishie ukuta."
Hana adabu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata dawa ya jambo hili. Nimemwamuru Tuda aandike dozi zote daftarini, kwa wino. Kurasa thelathini, mwandiko safi. Nimelifungia kwenye droo yangu. Njia imefunguka, kesho nashuka sokoni kwa siku tatu, na ufunguo nimeutia mfukoni. Safari hii hakuna wa kuzifuta.