Vita vya Mwinjuma na Kuku wa Kishungi

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, punguzeni redio na zigeuzeni simu kifudifudi, mpate kusikia yaliyojiri siku ya Alhamisi, tarehe tisa ya mfungo nne, katika kitongoji kimoja upande wa Ruaruke, siku ambayo dola ya Mzee Mwinjuma bin Faraji, simba wa mikoko, mkata boriti aliyestaafu bila kiinua mgongo, ilitikisika toka bandani hata jikoni.

Siku hiyo ilikuwa arobaini ya mkewe, marehemu Mwanaheri. Watu walisoma hitima, wakala pilau, wakashiba, wakamrehemu. Lakini mheshimiwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kwa ukubwa wa cheo ana sukari, ana presha na ana tumbo lisilosikizana na pilau ya raia, alikaangiwa mayai ya peke yake. Mpishi wa kuazima, asiyejua mambo ya nyumba ile, akayatupa maganda mabichi uani. Kuku wakayaona. Wakaonja. Wakaelewa.

Marehemu hakuyatupa hivyo hata siku moja. Aliyachoma kwanza, akayatwanga yakawa unga, ndipo akawapa. Lakini nani angeuliza? Serikali ilikuwa inakula.

Basi toka hapo hakuna yai lililomaliza asubuhi. Jemadari wa maangamizi alikuwa Kishungi, mtetea mweusi mwenye kilemba cha manyoya, malkia wa jaa, ambaye alikuwa akitaga, akilitangazia yai lake kitongoji kizima kama mgombea jukwaani, kisha akigeuka akilitoboa na kulinywa lote, huku wenziwe wamepanga foleni kungoja mgao.

"Hawa wamesoma kwa wakubwa," alinena Mwinjuma, akiutazama ute unavyochuruzika. "Unakabidhiwa mali uilinde, unaila."

Naye hakulia njaa ya mayai. Kuku wale wa kishungi ndio Mwanaheri aliokuja nao toka kwao Nyamisati, ndani ya tenga, siku alipoletwa bibi harusi. Walikuwa wamezeeka, vifaranga hawakuwapo, na kizazi chao kilikuwa kikiishia tumboni mwao wenyewe. Ndipo akaingia uani Salima, shemeji mtu, mdogo wa marehemu, kisu mkononi.

"Shemeji, chinja. Kuku akishaonja yai haachi huyo. Nazi nimekuja nazo."

"We Salima, umekuja kuhani au kula?"

"Kuhani nimeshahani. Leo nina njaa."

"Hawa ni wa dada yako. Wakiisha hawa, hakuna wengine."

Salima akakiangalia kisu kama kwamba ni cha mtu mwingine. "Haya. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitakuja. Nikikuta yai zima, nakula ugali na mlenda nakwenda zangu. Nisipolikuta, kuku wa kupaka."

Shujaa akaomba msaada wa dola. Akapiga simu, akapiga tena, hata bwana mifugo akateremka toka kwenye pikipiki kama malaika wa neema, kwa viatu visivyowahi kukutana na mavi ya kuku, akapewa kiti, akahutubia.

"Mzee wangu, changamoto hapa ni uelewa. Toboa yai, mwaga ute, jaza pilipili, lirudishe kiotani. Akionja, harudii. Na mjue serikali inawajali."

"Nimejua," alisema Mwinjuma. "Hata kuku wamejua."

Lakini bwana yule alikuwa na kalamu mfukoni, na Mwinjuma shule aliiachia njiani, akaamini. Akatwanga pilipili kichaa hata majirani wakapiga chafya, akalijaza ganda la yai la dukani, akajificha nyuma ya gunia. Kishungi akaja. Akatoboa. Akala pilipili yote, akapangusa mdomo mchangani, huku na huku, kama mtu aliyeandaliwa achari ya harusini, akatazama kama ipo nyingine. Kwa mshangao shujaa akajifuta uso kwa mkono uleule uliotwanga. Akaanguka! Simba wa mikoko akagaagaa uani, akimwita mama yake, akilitaja na baraza la madiwani. Huo ndio mradi pekee wa maendeleo uliopata kumfikia mwilini.

Hata aliponyanyuka kuutafuta mtungi, jicho moja limefumba, akajikwaa kwenye kipande cha boriti ya mkandaa, ule mti mgumu wa mikokoni. Akakiokota akitukana, na katikati ya tusi, mtukufu huyu akapata fikra.

"Mimi nimelishwa ahadi ngumu toka ujana wangu," alinguruma, "nikadonoa, nikadonoa, nikachoka mwenyewe. Na wao wadonoe!"

Akachukua kisu. Akachonga mayai ya mti, akayasugua, akayapaka chokaa, akayalaza kiotani na kuning'iniza gunia mbele pawe giza. Kishungi akaingia kwa majivuno yote ya ushindi wake. Ko! Akarudi nyuma. Ko! Ko! Mdomo ukadunda kama nyundo juu ya jabali, kilemba kikamkaa upande, akamgeukia Mwinjuma kwa jicho la mpiga kura siku ya pili baada ya uchaguzi. Wenziwe nao wakajaribu, mmoja mmoja, wakatoka wameinamisha vichwa. Wakaendelea hivyo mpaka mdomo wa kila mmoja ukafunzika adabu.

Ijumaa watu walipotoka msikitini, Salima akafika, akapenua gunia, akatia mkono, akatoa yai. La moto. Akalitikisa sikioni.

"Shemeji, hili si la mti!"

"Unadhani nimetaga mimi?"

Akacheka Salima mpaka akaziba mdomo kwa khanga.

Basi na isemwe mabarazani toka Kibiti hata Utete: siku ile yai lilipona, wala hapakuwa na mgeni rasmi, wala utepe wa kukata. Mwinjuma, jicho lingali jekundu, akalipokea yai kwa mikono miwili, akatuna kifua, akavuka uani kwa mwendo wa majemadari hata mlangoni pa jiko, kama alivyozoea miaka yote apatapo jambo la nyumba asilolijua, akaita kabla hajakumbuka, Salima akasikia akaacha kucheka:

"Mwanaheri! Yai hili tumpe kuku gani aatamie?"