Mfarishi wa Bibi na Viazi Arobaini

Jumatatu, 6 Novemba
Leo Mwalimu Osowska ametugawia viazisukari, vile vya kutengenezea sukari kiwandani, arobaini kila mmoja. Vimeng'olewa jana, bado vina udongo. Kazi: kuvihifadhi nje, nyumbani kwetu, hadi tarehe ishirini na nne bila kupoteza sukari. Vyote vimepimwa: asilimia kumi na saba. Mshindi ataiwakilisha shule mjini Bydgoszcz kwa siku tatu, na jirani na hosteli kuna maktaba ya ghorofa nne. Ghorofa nne! Lazima niende. Ludwik Pająk, anayekaa mbele yangu darasani, akageuka, akaniambia nisijisumbue, maana hata kaktasi ilinifia mikononi. Jibu kali lilinijia nikiwa nyumbani, nakunywa supu.

Jumatano, 8 Novemba
Nimeanza kusoma kitabu kizima cha uhifadhi. Sura ya kwanza: adui ni baridi. Kiazi kikiganda kisha kikayeyuka, kinageuka uji. Basi! Nimevirundika nyuma ya zizi na kuvifunika nailoni mara mbili. Baba akapita, akasema kiazi kilichong'olewa hakijafa, kinapumua, na ukikitia joto kinakula sukari yake chenyewe. Nikasema ndiyo, Baba. Alipoondoka nikaongeza mfarishi wa Bibi, ule mzito wa kujifunika, wa manyoya ya bata bukini, aliopewa siku ya harusi yake.

Jumapili, 12 Novemba
Bibi anautafuta mfarishi. Nimemwambia umetoka kupunga hewa. Akauliza hewa yenyewe iko wapi, Ujerumani? Usiku anajifunika koti la jeshi la marehemu Babu.

Alhamisi, 16 Novemba
Nimechungulia ua wa Ludwik kwenye mwanya wa uzio. Majani makavu ya ngano juu, pembeni wazi, upepo unajipitia! Darasani alijigamba kwamba kipimajoto chake kinasoma nyuzi nne. Changu kinasoma ishirini na moja. Nimemzidi mara tano! Rundo langu linatoa mvuke, na viazi vitatu vimechipua majani. Vina furaha.

Jumanne, 21 Novemba
Nimefika sura ya sita. Baba alisema kweli.
Nikafunua. Harufu! Kama pipa la kabichi lililosahauliwa tangu Pasaka. Nilibonyeza kiazi kimoja, kidole kikazama. Nimelia kidogo, kisha nikafikiri. Kama sukari imetoka, kwa nini isirudi? Nimechemsha shira ya kilo mbili za sukari na kuchukua bomba la sindano la Baba la kuchanjia ng'ombe. Viazi ishirini na tisa vimepata chanjo. Shira ikaisha.

Ijumaa, 24 Novemba
Mwalimu Osowska akakata kiazi changu, akatia tone la maji yake kwenye kipimo. Asilimia thelathini na nne! Akafuta kioo, akapima tena. Thelathini na nne. Akaniuliza kwa upole kama nimegundua kiazi ambacho dunia haijapata kukiona. Nikasema nilikuwa navitunza sana. Ludwik akasema, "Tekla, hicho si kiazi, ni keki." Walicheka mpaka safu ya nyuma.
Mwalimu akachagua kingine yeye mwenyewe. Hakikuwa kimechanjwa. Kumi na moja. Cha Ludwik: kumi na sita na nusu.
Anakwenda yeye. Ghorofa zote nne zimekwenda naye. Na adhabu yangu: akiwa safarini, mimi ndiye mlinzi wa rundo lake, ili nijifunze uhifadhi. Litapimwa tena akirudi.

Jumatatu, 27 Novemba
Bibi amerudishiwa mfarishi wake. Akaunusa mara moja, akasema afadhali koti la marehemu. Sasa unaning'inia uzioni, hauna kazi.
Baada ya shule nimekwenda kwa akina Ludwik. Mama yake alinipa chai, akasema mwanawe amenisihi nisiguse chochote. Nikaenda kuangalia tu. Nyuzi tatu! Nilishika kiazi kimoja, baridi kama pua ya mbwa. Maskini! Mwenyewe yuko maktaba, kwenye joto, navyo vimeachwa upepo uvipige bila hata shuka. Naijua sura ya sita, nimeisoma mara mbili. Lakini haisemi lolote kuhusu mfarishi bila nailoni.
Nimerudi nyumbani, nimemrushia Bibi macho. Amesinzia ndani ya koti. Nakwenda kuuchukua mfarishi uzioni.