Kiholanzi cha Bure Kule Bowie

Jumatatu, 1 Machi 2004

Kiholanzi kimenishinda tena. Leo nimesoma kurasa nne za kitabu cha sheria ya mikataba, nikaelewa neno moja tu. "En." Maana yake ni "na". Kilichokuwa kinaunganishwa na hizo "na" sikijui mpaka sasa.

Nilijiingiza mwenyewe. Hapa chuoni kila mwanafunzi wa sheria lazima achague lugha moja ya kigeni. Kifaransa kilikuwa na wanafunzi arobaini, Kihispania sitini, Kiholanzi tisa. Na kila kiangazi ofisi moja ya mawakili mjini The Hague huchukua mwanafunzi mmoja kutoka darasa hili. Mmoja kati ya tisa! Nikajiona mjanja. Sikujua kwamba mmoja wa wale wanane wengine angekuwa Ajamu.

Ajamu ni Mmarekani, mzaliwa wa hapahapa Bladensburg. Amesoma Kiswahili miaka saba na anakisema vizuri kuliko mimi niliyezaliwa Homa Bay. Husali kanisani kwetu kwa sababu anapenda ibada ya Kiswahili. Jana mlangoni, mbele ya kina mama, nilisema "kitabu yangu". Akasema kwa upole, "Kitabu changu, ndugu Tobias." Kina mama wakacheka. Sasa anajifunza maneno ishirini ya Kiholanzi kila siku, kwenye kijidaftari. Bila haraka. Bila kulalamika. Ananichosha.

Kwa zile hasira za mlangoni nilifanya jambo. Ulipofika wakati wa ushuhuda nilisimama nikamshukuru Mungu kwa kunipa nafasi ya The Hague. Kwa imani, maana uamuzi bado. Vigelegele. Mchungaji akatangaza papo hapo maombi ya kuniaga, Jumapili tarehe 21. Shangazi Akinyi, ninayeishi kwake, akaahidi chapati mia moja. Usiku Mama alikuwa ameshapigiwa simu, na asubuhi Homa Bay nzima ilikuwa inajua.

Ajamu anajua vizuri kwamba uamuzi bado. Alipiga makofi kuliko wote. Afadhali angenisema.

Kwa hiyo lazima niende. Nikikosa, sitaweza kumtazama Mama usoni, hata kwa simu.

Jumatano, 3 Machi 2004

Mwalimu Postma ametoa insha. Kurasa mbili kwa Kiholanzi: nani anaweza kufunga mkataba, na nani hawezi. Kila mmoja ataisoma darasani tarehe 10. Halafu tarehe 19 mtihani wa mdomo, na siku hiyohiyo anatangaza anayekwenda.

Jioni nilikuwa jikoni nikifanya mazoezi ya ile "g" yao, inayotoka chini kabisa kooni. Shangazi akaniletea kitunguu saumu na maji ya moto. Nikamwambia siumwi, hicho ni Kiholanzi. Akaweka kikombe chini. Akasema basi yule bibi mzee anayemtunza Bowie, mji wa jirani, lazima ni Mholanzi, kwa sababu akiimba huimba hivyohivyo, kama mtu aliyemeza mfupa.

Nikakaa chini. Nikauliza pole pole, nisionyeshe njaa.

Bibi anaitwa Terpstra. Miaka sabini na minane. Shangazi anamhudumia siku sita kwa juma. Na kabla ya kuolewa alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakili wa mikataba, mji wa Leeuwarden. Wakili! Mikataba! Kiholanzi! Na Shangazi kila Jumamosi hulalamika kwamba anakosa mazoezi ya kwaya.

Nikajitolea kukaa na bibi huyo Jumamosi mchana. Bure kabisa, kwa moyo wa huruma. Shangazi alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Wewe? Sufuria yako tu hungoja siku tatu ndio ioshwe. Hapa kuna kitu." Lakini kwaya ni kwaya. Amepiga simu kwa binti wa bibi, na binti amekubali.

Jumamosi, 6 Machi 2004

Siku njema kuliko zote tangu nianze sheria!

Shangazi alinishusha Bowie saa saba, akaenda zake kuimba. Bibi Terpstra ni mdogo wa mwili, macho makali, anakaa dirishani na blanketi magotini. Alinisalimu kwa Kiholanzi. Nikajibu. Akasema kwa Kiingereza kwamba ameelewa nia yangu.

Alitaka tuanze mwanzo, maneno kumi kumi, kila neno mara tano. Nikamweleza kwamba muda wangu ni mfupi, nikamwekea swali la insha mbele yake. Uso ukang'aa. Akafumba macho akaanza kunisomea kutoka kichwani, sentensi baada ya sentensi, na nukta anazitaja. Alisema ofisini alikuwa akiipiga taipu sheria hiyo kila wiki, na haijawahi kumtoka. Mimi niliandika tu. Nusu saa, kurasa mbili kamili.

Humo ndani kuna neno "handelingsonbekwaam". Herufi kumi na tisa, nimezihesabu. Sijui maana yake. Lakini neno refu hivyo haliwezi kuwa na kosa.

Alipomaliza akauliza kama nimeelewa tulichoandika. Nikasema ndiyo. Akaanza kuuliza swali la pili, nikamuuliza kama angependa chai. Muda uliobaki nilitazama mpira wa kikapu.

Ajamu atakuwa maktaba sasa hivi na kijidaftari chake. Maskini.

Jumatano, 10 Machi 2004

Aibu. Aibu tupu.

Nilisoma wa kwanza, kwa kujitolea. Nilisimama wima. Lile neno refu nililitoa kooni kama mzaliwa wa Leeuwarden. Nilipofika katikati ya ukurasa wa kwanza, Mwalimu Postma alivua miwani. Nikadhani ni furaha. Nikaongeza sauti.

Nilipomaliza Mwalimu akaniomba nimwambie kwa Kiingereza nilichosoma. Nikasema ni vigumu kukitendea haki kwa Kiingereza. Akamwomba Ajamu.

Ajamu akatafsiri, taratibu, akiangalia chini. Kwamba kwa sheria ya Uholanzi wasioweza kufunga mkataba, ndilo lile neno langu refu, ni watatu: watoto, wenye wazimu waliowekewa msimamizi, na wanawake walioolewa. Hao wa mwisho mpaka mume akubali.

Mwalimu Postma ameolewa. Juma lililopita alituambia amesaini mkataba wa nyumba. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama akitaka kuniandikia alama amlete mume wake kwanza.

Darasa zima likacheka. Nilitamani nitoke kwa dirisha.

Nje Ajamu akanifuata. Akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Nadhani umechimba historia kupita kiasi." Halafu akanipa kijidaftari chake nikiazime. Sikukichukua. Mtu ana heshima yake.

Nimepewa nafasi ya mwisho: niandike upya, nilete tarehe 19. Nimejiuliza njia nzima kuja nyumbani bibi alipata wapi mambo yale. Halafu nikakumbuka. Aliniambia alihama mwaka hamsini na tano.

Jumamosi, 13 Machi 2004

Nimekwenda Bowie na karatasi safi nne, kitabu cha sheria, na hasira. Nilikuwa nimejipanga: nimwambie ameniponza, kisha aniandikie nyingine, ya kisasa, akisaidiwa na kitabu.

Nikamwambia. Kwamba ile sheria yake ya wanawake ilifutwa zamani.

Hakuamini. Akauliza lini. Nikasema hamsini na sita. Akauliza tena. Nikamwandikia tarakimu. Akasema yeye na Willem, mume wake, walipanda meli Novemba hamsini na tano, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwambia, na wala yeye hakuuliza.

Kisha akaniambia habari ya cherehani. Alipokuwa ameolewa miezi miwili alikwenda kununua cherehani kwa akiba ya mshahara wake mwenyewe, na mwenye duka akamrudisha nyumbani akamlete Willem. Willem alikuja, akasaini, wakacheka. Lakini hata hapa Bowie, kila karatasi ilipoletwa alisogea mwenyewe pembeni, Willem akakaa na kusaini. Willem alifariki miaka mitano iliyopita. Sasa binti ndiye anayesaini.

Nilitaka kumwambia pole. Sikuijua kwa Kiholanzi, na kwa Kiingereza ilionekana ndogo.

Nikamkumbusha insha. Akasema kwanza nimsomee sheria mpya. Nikafungua kitabu. Ni sentensi moja: kila mtu ana uwezo wa kufunga mkataba, isipokuwa pale sheria inaposema vingine. Nikasoma vibaya. Akanisahihisha koo. Nikasoma tena. Akataka maana ya kila neno, nami nikaitafuta kwenye kamusi, moja moja. Tena. Tena. Saa mbili nzima juu ya sentensi moja! Mara ya kumi na moja hakunisahihisha. Alikuwa anatazama nje.

Halafu akaomba kalamu. Nikafurahi, nikadhani insha inaanza. Akachukua karatasi zangu safi akaanza kusaini. Jina lake. Si la Willem, la kwao alikozaliwa: Froukje Hoekstra. Froukje Hoekstra. Froukje Hoekstra. Mbele na nyuma, karatasi zote nne, herufi ndogo mwanzoni, mwishoni kubwa.

Shangazi alipokuja kunichukua alimkuta bibi analia na mimi nimeshika kamusi. Nimegombezwa mpaka Bladensburg.

Insha sina. Hata karatasi sina.

Ijumaa, 19 Machi 2004

Nilikuwa na mpango mzuri. Kutafuna kitunguu saumu kizima, kuingia nikiwa nimeshika koo, kuomba wiki moja. Nilikitafuna. Nilipofungua mkoba nijifanye natafuta karatasi ya daktari ambayo sikuwa nayo, zikaanguka zile nne zenye saini za bibi.

Mwalimu Postma akaziokota. Akauliza, kwa Kiholanzi, huyu Froukje Hoekstra ni nani.

Sikuwa na uongo tayari. Nikajikuta nimejibu. Kwa Kiholanzi! Kibovu, cha kuchechemea, lakini kilitoka. Nikasema habari ya cherehani. Nikasema wakati ule mwanamke aliyeolewa hakuweza. Nikasema sheria mpya, ile sentensi, neno kwa neno. Nikasema bibi amejua wiki iliyopita tu.

Mwalimu akarudi hatua moja kwa sababu ya kitunguu, lakini macho yalikuwa yameloa. Akasema hilo ni jambo la kwanza kunisikia nikilisema mwenyewe tangu Septemba, na kwamba nimefaulu somo. Akaomba ruhusa, kama bibi atapenda, aende kumtembelea.

Nikauliza na The Hague je.

The Hague ni Ajamu.

Jumapili, 21 Machi 2004

Maombi ya kuaga hayakuahirishwa. Mchungaji alisema chapati mia moja zimeshapikwa na anayekwenda The Hague yumo kanisani, kwa hiyo hakuna kilichobadilika isipokuwa jina. Keki ilikuwa imeandikwa "Safari Njema Tobias". Shangazi alilikwangua jina langu kwa kisu, akapasawazisha kwa kijiko. Hakunitazama.

Ajamu alishukuru kwa Kiswahili ambacho sijawahi kukisikia hata redioni. Akasema anamshukuru hasa ndugu yake Tobias. Kina mama wakalia. Mimi nilipewa sinia ya chapati nizungushe.

Baadaye Shangazi akaniambia bibi hataki mtu mwingine Jumamosi ila mimi. Anataka tuanze mwanzo, maneno kumi kumi. Tena juzi alimfukuza binti yake mezani akasaini karatasi ya hospitali mwenyewe. Nikamwambia Shangazi sitakuwa na nafasi.

Kwa sababu nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona. Si mpango uliokuwa mbaya. Ni lugha. Kiholanzi kina wajanja wengi. Mwakani kuna nafasi ya Lisbon, na darasa la Kireno lina wanafunzi saba tu. Na rafiki yake Shangazi wa kwaya anamhudumia mzee mmoja Mreno huko Upper Marlboro, aliyekuwa karani wa mahakama Lisbon miaka kumi na tano. Nimeshasimama wakati wa ushuhuda nikamshukuru Mungu kwa nafasi ya Lisbon. Mama nitampigia kesho, nimpe habari zote mbili pamoja.

Mzee huyo aliondoka kwao mwaka hamsini na nane na hajarudi hata mara moja. Sheria zake zitakuwa zimetulia vizuri kichwani, hazijachanganywa na mambo mapya.