Seva Iliyotakiwa Kuzirai Dakika Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Leo mama mkwe ametangaza kwamba Jumamosi atachagua msimamizi wa mitambo yote ya kiwanda chake cha uchapaji. Wagombea ni wawili: mimi, ninayetunza seva, ile kompyuta kuu ya kiwanda, na mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu, anayechora maua kwenye kadi za harusi. Hapo kuna ushindani gani? Lakini mama mkwe humwita "Mtaalamu" tangu siku alipomwongezea sauti ya simu. Kuongeza sauti! Kumbe utaalamu ni kubonyeza kitufe cha pembeni.

Nina mpango. Seva yetu inatumia mfumo huria, ule wa bure, niliouweka mwenyewe kwa jasho langu. Kadi yake ya mtandao, kifaa kinachoiunganisha na kompyuta nyingine na intaneti, ni ya kisasa mno, haifanyi kazi bila dreva yake maalumu, yaani programu ya kuiendesha. Jumatano nitaiondoa hiyo dreva kimyakimya. Mtandao utakatika, watapiga kelele, nitaingia, nitairudisha kwa dakika mbili. Shujaa! Nimeshamdokezea mama mkwe kwamba nahisi seva itasumbua, hasa Jumatano kuelekea saa nne asubuhi. Ameguna tu.

Jumatano, 5 Juni

Saa nne. Nimeondoa dreva. Hatua hiyo ilikwenda vizuri kupita kiasi. Kelele zikaanza kama nilivyopanga, maana mafaili yote ya wateja yako kwenye seva na hakuna aliyeweza kuyafikia. Nikaingia polepole, miwani puani, mama mkwe nyuma yangu. Nikaiamuru seva irudishe dreva.

Seva ikajibu kwamba dreva iko kwenye intaneti. Intaneti inapita kwenye kadi. Kadi haina dreva. Ni kama nimejifungia nje, ufunguo uko ndani mezani! Nikamwambia mama mkwe kwamba hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Akauliza zimebaki ngapi.

Mchana nimeleta dreva kwa flashi. Ikadai kwanza programu ya kuijenga. Hiyo nayo ikadai nyingine, na hiyo nyingine ikaja na ndugu zake wote. Nimepanda na kushuka ngazi na flashi mkononi hadi magoti yamegoma. Mwanyumba akaja na ule upole wake wa kuudhi, akauliza kama anisaidie. Nikamwambia arudi kwenye maua yake.

Alhamisi, 6 Juni

Dreva imejengeka! Nimeshangilia peke yangu chumbani mle. Kisha seva ikaikataa: haina saini ya kuthibitisha kwamba ni salama, na kufuli la usalama halipitishi kisicho na saini. Ndipo nikakumbuka kwamba nilipoiwasha upya ilitokea skrini ya bluu, ikaniuliza kama naidhinisha saini mpya. Nilibonyeza "endelea" bila kusoma, kumbe maana yake ni kuendelea bila kuidhinisha. Nani husoma?

Basi, nilizime kufuli lenyewe. Linataka nywila. Nywila hiyo niliiweka mimi, nikaificha ili mwanyumba asiipate kamwe. Hajaipata. Na mimi sijaipata.

Mapokezi amekaa mteja wetu, shangazi wa bibi harusi mmoja, mkoba mapajani. Kadi zake za mwaliko zilitakiwa ziwe zimesambazwa jana. Amesema yeye hagombi na mtu, anakaa tu. Afadhali angegomba. Mama mkwe alipita akanitazama.

Ijumaa, 7 Juni

Mwanyumba amefungua kompyuta mbovu iliyokuwa stoo, akachomoa kadi ya mtandao ya zamani, imejaa vumbi, akaichomeka kwenye seva. Seva ikaitambua yenyewe, maana dreva za kadi za zamani zimo tayari ndani ya mfumo. Hakuna dreva ya kutafuta, hakuna saini, hakuna swali. Wala hakukaa kitini! Shangazi akaondoka na kadi zake, akambariki yeye na kizazi chake. Mimi hakunibariki.

Kisha mama mkwe akaniuliza, mbele ya watu wote, nilijuaje kwamba ni Jumatano saa nne. Nikasema ni uzoefu. Mwanyumba akainama haraka kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Nimeona aibu, nakiri, masikio yaliniwaka hadi nyumbani. Huko mke wangu akaniuliza swali lile lile, akaongeza kwamba mama yake ameomba nisijibu tena "uzoefu".

Jumamosi, 8 Juni

Mwanyumba ndiye msimamizi. Mama mkwe ameuchomoa ufunguo wa chumba cha seva kwenye funguo zangu, taratibu, kama anayechambua mchele, na wote wanatazama. Roho imeniuma. Kazi ile niliitaka kweli, na seva ile niliipenda. Mimi nimehamishiwa mapokezi, eti kwa kuwa sikosi maneno.

Vizuri sana! Mapokezi kuna sanduku la maoni ya wateja, na mama mkwe hulifungua kila Jumatatu. Nimeshaandika maoni ya kutosha, kwa miandiko tofauti, wateja wote wakilalamika kwamba seva imekosa raha tangu yule mwenye miwani aondolewe. Yote nimeyaandika kwa kalamu ya kijani. Kiwanda kizima mwenye kalamu ya kijani ni mimi peke yangu, kwa hiyo hakuna atakayeweza kuyaghushi.