Wifi na Mkono wa Mwalimu

Jumatatu, tarehe 4
Mjukuu wangu, andika ninavyosema, usinirekebishe. Leo kwenye kisomo cha watu wazima tumefundishwa mikono. Mwalimu akijigusa kifua, anatamka yeye, sisi kimya. Akitunyooshea kiganja, tunatamka wote. Akifunga ngumi, basi. Akaonyesha herufi ubaoni, kiganja hicho, nasi mmmm, kama zizi la ng'ombe. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akasifiwa mbele za watu. Huyo huyo aliyeniunguzia sufuria siku ya harusi yangu, na mpaka leo hajaomba radhi. Ijumaa atachaguliwa mtu wa kusimama mbele aongoze wenzake kwa mikono. Chanda chema huvikwa pete, na chanda hicho ni changu.

Jumanne, tarehe 5
Nimegundua siri. Herufi zinachosha macho, mkono hauchoshi. Nautazama mkono tu, sauti naidaka kwa jirani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwalimu alipofukuza nzi. Nikaona kiganja, nikatoa ssss, peke yangu. Wifi akauliza nyoka ameingilia wapi. Darasa zima likacheka.

Jumatano, tarehe 6
Nimekwenda kwa wifi, nimejaa tabasamu. Nikamwambia mwalimu amebadilisha, ngumi sasa maana yake ongeza sauti. Akashukuru, akanipa kitambaa alichoshona mwenyewe. Kizuri, siwezi kusema uongo. Nimekificha chini ya godoro.

Alhamisi, tarehe 7
Ngumi ikafungwa, sote kimya. Wifi akaendelea aaaa, mwenyewe, kama honi. Nikainama nicheke. Mwalimu akasikiliza, akasema huyu mama ana pumzi na sauti safi, hebu tumsikie tena. Makofi. Wifi naye akasema ushauri ni wa wifi yangu kipenzi. Ikabidi nipige makofi. Viganja vinaniwasha mpaka sasa.

Ijumaa, tarehe 8
Amechaguliwa wifi. Kifua, kiganja, ngumi, utadhani amezaliwa nayo. Mimi mwalimu akaniwekea kiti pembeni, kando yake, akasema tuanze upya, mama, taratibu. Akanishika kidole, tukapita chini ya herufi moja moja. Mmm, aaa. Mmm, aaa. Mama. Nimesoma mwenyewe, kwa umri huu. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la chaki.

Halafu nikatazama mbele. Wifi amesimama saa nzima, na magoti yake mabovu. Mimi nimekaa, nimeshikwa mkono na mwalimu mwenyewe. Nani mshindi hapo? Alivyokuwa akinitupia macho, ni wivu tu.

Tatizo moja. Mwalimu amesema nikijua maneno matano, nitarudi kukaa na wenzangu. Manne ninayo tayari. La tano nimelisoma sasa hivi kwenye mfuko wa sabuni, bila kukusudia. Mjukuu wangu, hilo libaki humu ndani. Jumatatu akininyooshea kiganja, sitoi hata pumzi.