Malalamiko Kuhusu Kuhifadhiwa kwa Mjukuu Wangu, Ambaye Ni Baba Yangu

Kutoka: Fundi Friji (wa zamani), Mmiliki wa Biashara (wa sasa)
Karakana ya nyuma ya kituo cha mafuta

Kwa: Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha barua hii. Nafahamu fika kuwa wewe ni Baba Mkubwa wangu, na wewe unanifahamu tangu nilipokuwa sijui kufunga vifungo vya shati. Lakini leo naandika kiofisi. Mimi siku hizi ni mmiliki wa biashara, na mmiliki wa biashara akiwa na jambo haendi kulilia uani kwa shemeji zake. Anachukua karatasi, anapanga hoja kwa namba, anabakiza nakala. Nakala ninayo.

Kwa faida ya wajumbe wanaojifanya hawajui ninachofanya, nianze na maelezo mafupi. Kampuni yetu inauza soli za sumaku, zile za kutandika ndani ya kiatu, ambazo hunyoosha mzunguko wa damu kuanzia unyayo hadi kwenye mtazamo wa maisha. Kuuza soli ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kuingiza watu. Ukimwingiza mtu, wewe unaitwa mzazi wake na yeye anaitwa mtoto wako. Naye akimwingiza mwingine, huyo ni mjukuu wako, na jasho la wote linapanda kidogo kidogo hadi kwako kama mafuta kwenye utambi. Mimi nilimwingiza mama mkwe wangu, mwenye saluni. Mama mkwe akamwingiza Baba. Hata mtoto wa darasa la pili atakwambia: Baba ni mjukuu wangu.

Sasa malalamiko.

1. Umemhifadhi mjukuu wangu kwa wiki tatu bila ridhaa yangu. Alipotoka kwenye mkutano wetu Jumamosi ile, aliipita nyumba yetu, ambamo ameishi nasi tangu mama alipofariki, akaja moja kwa moja kwako. Hukunipigia simu hata kuniuliza kama nimemruhusu. Ulimtandikia kitanda. Nasikia mnacheza drafti kila jioni na unamwachia ashinde, jambo ambalo kwa mafunzo yetu linamwua mtu ari ya kupambana. Chumba chake kiko vilevile. Maboksi ya soli sikuyaingiza humo ingawa nafasi ipo. Nimeyapanga ukumbini na sasa sote tunapita upande upande kama kaa. Redio yake inasoma taarifa ya habari na hakuna wa kubishana nayo. Binti yangu ameuliza mara mbili babu anarudi lini, nikamwambia babu yuko kwenye mafunzo ya nje. Nyumba imepoa, Mwenyekiti. Hilo sioni sababu ya kulificha.

2. Muhtasari wa kikao chenu unasema "alimtega baba yake kwa kumtumia mkwe". Nalikanusha neno "alimtega". Ni kweli nilimweleza Baba kuhusu fursa hii mara tatu, na mara zote tatu alinijibu kwamba amekuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na moja, ameweka mawe ya mipaka kwenye mashamba ya matajiri na ya mafukara, na hajawahi kuona mtu akitajirika kwa kusimama juu ya kichwa cha ndugu yake. Huo ni mtazamo wa zamani na sikumlaumu. Mafunzo yetu yanasema mtu akikukatalia, mtafute yule ambaye yeye hawezi kumkatalia. Nikamtafuta. Baba yangu, kama unavyomjua, anaweza kumkatalia waziri, lakini mkwe hamkatalii, hasa mkwe akimwita saluni, akampa kiti kizuri, akamkabidhi kalamu mbele ya wanawake wanne walioketi chini ya draya wakimtazama. Hata hivyo aliisoma fomu kwa dakika arobaini nzima. Alisahihisha makosa mawili ya hesabu kwenye ukurasa wa nyuma, akaweka herufi za mwanzo za jina lake pembeni ya kila sahihisho, ndipo akatia saini. Naomba wajumbe watafakari: aliyetegwa hupata wapi muda wa kusahihisha mtego?

3. Kuhusu Jumamosi yenyewe, kikao kimeandika kwamba "alimdhalilisha baba yake hadharani". Hapa nimeonewa waziwazi, na naomba nieleze ilivyokuwa.

Ukumbi wetu uko juu ya duka la rangi. Kuna ngazi ishirini na mbili, viti vya plastiki, ubao mweupe, na harufu ya rangi inayopanda kutoka chini na kuwafanya wageni wakubali mambo haraka. Kiongozi wetu tunamwita Almasi, kwa sababu ndicho cheo chake. Hufundisha akiwa ameshika ufunguo wa gari mkononi, ingawa gari lenyewe bado liko kwenye maono. Almasi ana utaratibu kwamba kila Jumamosi mtoto husimama na kumwamkia mzazi au babu yake wa Kampuni mbele ya watu wote, bila kujali umri, ili kuvunja kiburi. Mama mkwe, ambaye mzaha kwake ni kama hewa, alisimama, akakunja goti nusu, akapaza sauti kama anaita teksi: "Shikamoo, mzazi!" Nikajibu, "Marahaba, mwanangu." Makofi yalivyopigwa, hadi ubao ukaanguka. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma, akajifunika uso kwa mkoba.

Kisha ikafika zamu ya Baba. Almasi akamwambia, kwa upole kabisa, "Mzee, mwamkie babu yako," akininyooshea mimi ule ufunguo.

Baba alinitazama. Akavua kofia. Akasema, "Marahaba."

Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Akabaki amesimama pale, kofia mkononi, akisubiri, nadhani dakika nzima. Watu wakadhani ni kichekesho, wakapiga makofi. Ndipo akageuka akaanza kushuka, ngazi moja baada ya nyingine, akishika ukuta. Nilitaka kuinuka. Almasi akaniweka mkono begani, akanong'ona kwamba mtu hasi akiondoka hafuatwi, anaondoka na nuksi zake. Nikakaa. Kwa hiyo naomba kumbukumbu zisahihishwe: sikumtamkia Baba neno lolote, zuri wala baya. Huo udhalilishaji ulipita wapi?

4. Wanandugu wamenitenga. Nitataja wachache. Mama Mkubwa, yaani mkeo, aliniomba niache mkoba wa sampuli nje, pale zinapovuliwa ndala. Binamu yangu dereva wa lori aliniahidi kusikiliza "akirudi safari", na tangu hapo kila nikimpigia yuko safarini, ingawa lori nililiona limeegeshwa kwake na nguo za mtoto zimeanikwa juu ya kioo. Shangazi ndiye aliyenikata maini zaidi. Anapokea simu yangu na kusema kwa sauti yake mwenyewe, "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa," kisha anakohoa. Nimemweleza kwamba mashine haikohoi. Akasema, "Jaribu tena baadaye."

5. Lalamiko hili lilihusu mke wangu. Amelisoma. Limefutwa.

6. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulitamka kikaoni kwamba "huyu kijana ameacha kazi". Kwanza, nina miaka arobaini na moja. Pili, sikuacha kazi, nilihama kutoka kuajiriwa na friji za watu kwenda kuzimiliki ndoto zangu. Karakana bado naifungua. Wateja bado wanakuja, ila sasa nikishika bisibisi namweleza mteja kwanza kuhusu maisha yake, maana friji ikipona na mwenyewe hajapona, tumefanya nini? Wengi hawapo tayari kukua. Mwenye bucha alisimama mlangoni akanipigia kelele: "Fundi, nyama yangu inanuka, wewe unaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano!" Nilimwambia kelele zake zenyewe zinaonyesha anaishi kwa hofu. Alimchukua fundi mwingine. Kila asubuhi najitazama kwenye kioo cha bafuni na kutamka mara ishirini, "Mimi ni mmiliki." Nikifika ya tisa binti yangu hugonga mlango: "Mmiliki, toka, nachelewa shule." Mnaona jinsi nyumba nzima ilivyoanza kukubali.

7. Mama mkwe amenipita. Sitaki kumsema vibaya, lakini haki itendeke. Mwanamke mwenye nywele zilizofungwa vibana, kichwa kikiwa ndani ya draya, hawezi kukimbia, na kwa njia hiyo mama mkwe ameingiza watu kumi na mmoja katika mwezi mmoja. Mimi nimemwingiza yeye tu. Kwa sheria ya Kampuni, mtoto akimpita mzazi, anakuwa mzazi yeye. Sasa ninamwamkia kama mkwe nikifika mlangoni, namwamkia tena kama mzazi nikishaketi, na yeye huitikia zote mbili huku akicheka hadi anashika ubavu. Naomba kikao kimwelekeze asicheke.

8. Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndani yake mna heshima kwako. Baba, kama ujuavyo, ana goti la kulia lililokataa tangu aanguke kwenye mtaro kazini. Kutoka kwetu hadi dukani hupumzika mara mbili. Lakini Jumamosi ile, akiwa na soli zetu viatuni, alitembea kutoka ukumbini hadi kwako, kilometa sita, jua la saa nane, bila kupanda gari. Mwenyekiti, huo ni muujiza, nawe umeukalia kimya. Naomba uandike ushuhuda wa ukurasa mmoja, uupige muhuri wa ukoo, nami nitausoma ukumbini. Umewanyima watu wenye magoti mabovu habari njema kwa sababu tu ya chuki za kifamilia.

Kutokana na hoja hizi, napendekeza ukoo wetu ujipange upya kwa ngazi za Kampuni, ili tuondokane na mkanganyiko. Umri ni jambo la bahati. Mtu hakufanya juhudi yoyote ili azaliwe kabla ya mwingine. Uenyekiti upewe mwenye watu wengi chini yake. Misibani viti vya mbele wakae waliofikia lengo la mwezi. Watoto wanaozaliwa waandikishwe siku hiyohiyo, kabla shangazi yeyote hajawahi kuwabeba. Nimeuliza hata kuhusu marehemu babu, maana alikuwa na watu wengi, nikajibiwa kwamba waliofariki hawaruhusiwi kuanza ngazi ya juu. Nimekata rufaa. Na mjukuu wangu arejeshwe nyumbani si zaidi ya Ijumaa, akiwa na nguo zake, kofia yake na ile stendi yake ya miguu mitatu ya kupimia ardhi aliyotuma ichukuliwe, ili Jumamosi tumalizie salamu pale tulipoishia.

Nategemea utalishughulikia suala hili kwa uzito wake, bila kunipiga chenga kama ulivyonipiga kwenye harusi ya dada.

Wafikishie salamu Mama Mkubwa, binamu wote, yule jirani wenu mwenye kuku wengi, na Shangazi kama atapatikana. Mke wangu anawasalimu. Binti yangu anawasalimu na kuuliza kama drafti ni mchezo wa mafunzo.

Wako katika ukuaji,

Mmiliki

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Mke wangu akanituma kwenye duka la rangi kuchukua brashi, na muuza rangi akaniita pembeni. Akasema kuna mzigo wangu ameuweka wiki tatu, alikuwa ananisubiri nipite peke yangu. Akanipa mfuko. Ndani mlikuwa na soli mbili za sumaku. Anasema Jumamosi ile mzee mmoja alifika chini ya ngazi akaomba kiti, akavua viatu, akazitoa, akazipangusa kwa kitambaa chake, akasema, "Mpe mwanangu, ni mali yake." Muuza rangi akamwambia, "Mzee, goti hilo, ngoja nikuitie pikipiki." Akakataa. Kwa hiyo zile kilometa sita alizitembea kwa goti lake mwenyewe, na ushuhuda niliokuomba usiuandike.

Mke wangu ameisoma barua yote. Ameniambia tu kwamba kurasa zote hizi, tangu mstari wa kwanza, sijakuamkia. Nikatafuta, ni kweli.

Shikamoo, Baba Mkubwa.

Kama Baba yuko karibu, yale malalamiko yenye namba msomee siku nyingine au usimsomee kabisa. Msomee hapa tu. Shikamoo, Baba. Hii ni ya karatasi. Ya mdomo nitaileta mwenyewe Jumapili asubuhi, na kwa kuwa makosa niliyafanya mbele za watu, waite hata majirani.